Hodi ya Nne

Mwalimu Mkuu hakuwahi kuitaja kwa jina nchi aliyosomea. Aliiita Huko. Huko mtu akichelewa kidogo huambiwa amechelewa. Huko mvua hainyeshi kama yetu, inadondoka tu kutwa nzima bila kujitangaza. Alistaafu mimi nikiwa bado shule ya msingi, wakaleta mkuu mwingine, lakini Msambweni nzima iliendelea kumwita yeye Mwalimu Mkuu, na yule aliyekalia kiti chake tukamwita "yule wa sasa". Maskini, amebaki kuwa wa sasa mpaka leo, na mvi zimeshamtoka.

Nataka kumweleza mama huyu kama nilivyomjua, na naonya mapema kwamba sitaeleza kwa utulivu. Wapo watu ambao ukiwakumbuka unatabasamu tu. Huyu nikimkumbuka nakunja uso kwanza, halafu natabasamu, halafu hasira inanirudia upya. Alinilea kwa adabu niliyoipenda, na adabu hiyohiyo ikanikwamisha mahali ambapo sikuwa na wa kunikwamua. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba alijua. Lakini hilo nitalifikia.

Alikuwa na sheria nyingi, na iliyotangulia zote ilikuwa ya hodi. Kabla mtoto hajajua kuandika jina lake alikuwa ameshajua namna ya kusimama mbele ya mlango wa ofisi yake: pembeni kidogo, si katikati, macho yasiingie ndani kabla ya mwenyewe. Unabisha, unasema hodi, unanyamaza kiasi cha mtu kujifunga kanga vizuri. Unabisha tena, unanyamaza tena. Hodi ya kwanza ni ya kusikika, alitufundisha, ya pili ni ya kumpa mwenyeji nafasi ajiweke sawa, ya tatu ni ya yeye kukukubali au kukukataa. Kukiwa kimya baada ya hiyo ya tatu, geuka uende zako, na usinune. Labda anaswali. Labda anaoga. Labda hataki kukuona, na hiyo pia ni haki yake.

Hayo si mageni kwetu. Pwani yote hubisha hivyo. Ila yeye aliyasimamia kwa ukali wa ajabu. Siku moja alikuja afisa wa elimu, mgeni kutoka bara, akausukuma mlango na kuingia moja kwa moja na mkoba wake. Sisi tulikuwa ndani, tunakaripiwa kwa kuchelewa. Mwalimu Mkuu hakuijibu salamu yake. Alimwambia kwa upole kabisa, "Baba, naomba utoke ubishe." Yule bwana akacheka, akidhani ni mzaha. Alipoona sisi hatucheki, akatoka. Akabisha. Kimya. Akabisha tena. Kimya. Tukakiona kivuli chake chini ya mlango kikihangaika. Alipobisha ya tatu Mwalimu Mkuu akaitika kwa bashasha, "Karibu, baba, karibu sana ndani," akaagiza chai na viazi vya karai, na mkutano wao ukaenda vizuri kupita kiasi. Kisa hicho tulikisimulia miaka na miaka. Mimi kilinijaza fahari. Kwetu kulikuwa na mama ambaye hata serikali ikija kwake inatoka nje kwanza.

Watu walisema ukali huo aliuleta kutoka Huko. Mimi nadhani aliondoka nao hapahapa na kurudi nao vilevile. Kilichotoka Huko ni vitu vingine. Chai aliinywa bila sukari, jambo ambalo mama yangu alilihesabu kuwa ni maradhi. Saa aliiheshimu kama mtu mzima. Ukimwalika harusini ukamwambia saa kumi, saa kumi atafika, na atakuta bibi harusi bado amelala, hina haijachanganywa, na viti viko juu ya mkokoteni. Basi atakishusha kimoja yeye mwenyewe, atakaa katikati ya uwanja peke yake na mwavuli wake, na kila anayepita ataambiwa Huko harusi ingekuwa imeshakwisha. Lakini jaribu wewe kumjibu kwa mkato, kama Huko wanavyojibu, ndiyo na hapana bila kuzungushazungusha, uone. "Umekuwa mzungu lini?" angekuuliza, na mazungumzo yakaishia hapo.

Alikuwa hivyo katika kila jambo. Vijana wa Ukunda waliorudi kutoka mahoteli wakiongea kwa puani aliwadharau waziwazi, tena kwa kuwaiga. Hata hivyo mimi nilimwona kwa macho yangu Diani, siku tuliyopelekwa matembezi na shule, akimsimamisha mzungu mmoja mzee aliyekuwa akihangaika na begi lake, akamwambia maneno mengi kwa lugha ya Huko, laini, bila kutafuta neno. Yule mzee alibaki mdomo wazi. Akataka kumshika mkono, akataka kujua alijifunzia wapi. Mwalimu Mkuu tayari alikuwa ameshampa mgongo na kurudi kwetu. "Asije akadhani nilijifunza kwa ajili yake," alisema, na akatuamuru tupange foleni.

Alirudi kutoka Huko kabla ya kumaliza. Hilo wazee walilijua, na hakuna aliyemuuliza, kwa sababu kumuuliza kungekuwa ni kuingia bila hodi. Basi kila mtu alijitungia sababu. Wengine walisema baridi ilimwingia kifuani. Wengine walisema alitakiwa kuozwa Huko akakataa. Mama yangu alishikilia kwamba ni chakula, kwamba mtu aliyezoea wali wa nazi hawezi kuishi kwa viazi vya kuchemsha. Yeye mwenyewe akisikia mazungumzo yakielekea upande huo alisimama akaenda kutazama kuku.

Na huyohuyo, ambaye hakumaliza, ndiye tuliyepelekwa kwake sote tuliopata nafasi ya kusoma nje. Uturuki, Uhindi, Malaysia, Huko, popote. Kwetu mtu haondoki safari ya mbali bila kuchukua radhi za wakubwa wake, na katika mambo ya masomo mkubwa wetu alikuwa yeye. Zamu yangu ilipofika, nilipopata udhamini wa kwenda kusomea shahada ya pili ya mambo ya maji, mama alinivalisha vizuri, akaoka mkate wa sinia, akanipeleka. Mwalimu Mkuu alikaa kwenye kiti cha plastiki kibarazani na sisi tukakaa mkekani.

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu."

"Marahaba, mwanangu. Waitwa nani?"

Alinifunza miaka mingi. Alikuwa akilijua vizuri jina langu.

"Mwanakombo."

"Huko watataka wakuite Kombo, au Mwana, au kitu kingine kifupi kifupi. Usikubali. Jina umepewa na watu wako, halikatwi kama muwa wa Ramisi. Wakishindwa, waache wajifunze."

Mama akaitikia kwa kichwa. Mwalimu Mkuu akaendelea. Ukikaribishwa chakula, kataa kwanza, hata kama una njaa, usije ukaonekana una uroho. Mwenyewe akikushikilia, hapo ndipo unaonja. Mbele ya aliyekuzidi umri au elimu usitangulize mdomo, ngoja uulizwe. Ukimwandikia mtu usianze na shida yako kama mdai, muulize kwanza hali yake na watu wake.

"Na hodi?" akauliza, kama anayemalizia mtihani.

"Tatu, Mwalimu Mkuu."

"Kukiwa kimya?"

"Naenda zangu."

"Bila kununa."

"Bila kununa."

Akainama, akaniwekea mkono kichwani. "Jambo la mwisho. Ukifika Huko wewe si Mwanakombo tena. Wewe ni Msambweni. Ukikosa adabu hawatasema Mwanakombo hana adabu, kwani hawamjui Mwanakombo ni nani. Watasema ndivyo walivyo watu wale. Umesikia? Watu wote hawa umewabeba wewe." Akanisomea Fatiha, mama akalia, mimi nikatoka pale nikijiona mtu mkubwa. Sikujua bado kwamba mzigo wa watu wote hawa hauwekwi chini hata ukitaka kukaa.

Nilikwenda nchi ileile yake. Hiyo ilikuwa bahati tu ya udhamini, lakini Msambweni walichukulia kuwa ni urithi.

Nianze na jina. Nilikataa lisikatwe, kama nilivyoagizwa. Matokeo yake halikuitwa kabisa. Wahadhiri walikuwa wakisoma majina ya wenzangu, wakifika kwangu wanatazama juu, wanatabasamu, wanasema "na wewe pale". Msichana mmoja wa China alijipa jina la Lily siku ya kwanza, na mwisho wa wiki kila mtu alikuwa akimwita Lily njoo, Lily wasemaje. Mimi nililinda jina langu zima zima, hadi nikapita miezi bila kulisikia ila kwenye simu ya mama.

Chakula ndiyo aibu zaidi. Mwenzangu mmoja wa darasani alinialika kwao sikukuu, nyumba ya heshima, wazazi wake watu wazuri. Nilikuwa sijala tangu asubuhi. Mama yake akaniuliza kama ningependa kula. Nikasema, "Ahsante sana, nimeshiba," nikasubiri anishikilie. Akasema sawa, akaichukua sahani yangu akairudisha kabatini. Basi nilikaa pale mezani na tabasamu langu, nikitazama watu wakila, nikiulizwa maswali kuhusu wanyama pori ambao sijawahi kuwaona. Nilirudi chumbani nikala mkate mkavu nimesimama.

Nilidhani Wakenya wenzangu wangekuwa kivuli cha kupumzikia. Walikuwepo wengi kiasi, karibu wote wa Nairobi na bara, na walinipokea kwa furaha kweli. Lakini nikifungua mdomo tu wanacheka. "Ai, wewe unaongea kama taarifa ya habari! Relax bana." Nikichelewa kidogo: "Mtu wa Coast, si ungelala tu." Nilichelewa mara moja. Mmoja aliniuliza kwa nia njema kabisa kama sisi Wadigo tunajihesabu kuwa Wakenya au Waarabu. Na msikitini, akina dada waliotoka nchi za Kiarabu waliniuliza nilisilimu lini. Nilisilimu lini! Babu yangu alikuwa akiadhini Msambweni kabla baba zao hawajazaliwa. Nilijibu kwa adabu. Kila mahali nilijibu kwa adabu. Kwa Wazungu nilikuwa Mwafrika, kwa Waafrika nilikuwa wa Pwani, kwa Waislamu nilikuwa mweusi, na mwisho wa siku narudi chumbani nikiwa Msambweni nzima kwenye kitanda cha mtu mmoja.

Hayo yote ningeyavumilia. Sikuyavumilia mawili, la kunyamaza na la mlango.

Darasani mhadhiri mmoja, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, alifundisha juu ya visima vya vijiji vikavu vya Afrika Mashariki. Alisema havina mwenyewe na kwa hiyo havitunzwi. Mimi nyanya yangu anakaa Mkongani. Kisima chao nakijua, kina mama wanaokisimamia, kina siku ya kufukuliwa, na anayechota kwa ndoo chafu huadhiriwa mbele ya watu. Nikangoja niulizwe. Alikuwa mkubwa, alikuwa anasema, na mimi nilikuwa pale mbele yake, mtu pekee chumbani mwenye nyanya Mkongani. Hakuniuliza. Kijana mmoja ambaye hajawahi kuvuka bahari akanyoosha mkono akaeleza visima vyetu, akasifiwa. Mwisho wa muhula mhadhiri yule akaandika kwamba mimi sishiriki, na kwamba pengine somo linanipita.

Halafu mlango. Nilipewa msimamizi wa tasnifu, na siku yangu ya kumwona ofisini ilikuwa Jumatano. Jumatano ya kwanza nilifika kwa saa, nikasimama pembeni, nikabisha. Nikanyamaza. Nikabisha tena. Nikanyamaza. Nikabisha ya tatu. Kimya. Nikaenda zangu, bila kununa. Nikajiambia labda amepata dharura. Jumatano iliyofuata vilevile, na iliyofuata. Nikamwandikia. Nilimuuliza hali yake, hali ya familia yake, nikamtakia heri katika kazi zake na kipindi cha baridi chema. Akanijibu kwamba ananishukuru, na ananitakia mimi pia vivyo hivyo. Nikaona basi, amenielewa kwamba nahitaji msaada. Niliandika tasnifu peke yangu, gizani, nikiendelea kwenda kubisha Jumatano zangu mpaka mwisho.

Ilikataliwa. Nikaitwa kwenye kikao, na hapo ndipo nilipomwona msimamizi wangu uso kwa uso. Mtu mwema, sina la kumsingizia. Alionekana kuhuzunika.

"Hukuja hata siku moja," alisema.

"Nilikuja kila Jumatano."

"Kila Jumatano nilikuwa ndani, nakungoja."

Alikuwa na mazoea ya kuvaa vifaa vyake vya muziki masikioni, na Huko mtu habishi akangoja. Anagonga huku ameshashika kitasa, anaingiza kichwa. Nilisimama nje ya mlango ule muhula mzima, na yeye alikaa ndani ya mlango ule muhula mzima, kila mmoja akimhesabu mwenzake kuwa hana haja naye.

Chuo kilikubali nirudie mwaka. Wadhamini walikubali kunisubiri mara hiyo moja tu, na mwaka mpya wa masomo ulikuwa karibu. Nikarudi nyumbani kungoja. Watu wakaniuliza nimemaliza, nikasema likizo. Mama peke yake alijua, na hakunilaumu. Alisema tu, "Utarudi, lakini huondoki bila radhi. Nenda kwa Mwalimu Mkuu."

Nikakataa. Nikamwambia mama wazi kwamba Mwalimu Mkuu ndiye aliyeniponza. Nilikuwa na hofu ambayo hata mama sikumwambia. Nikirudi Huko nikiwa vilevile nitashindwa vilevile, na safari hii hakuna wa kunisubiri. Na nikirudi nikiwa mwingine, anayekatiza wakubwa maneno na kuingiza kichwa kwenye milango ya watu, basi huyo atakayerejea Msambweni na shahada ni nani, na mama yangu atamtambua? Siku zilizidi kwisha na mimi nilikaa tu, nikichambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa.

Mwisho nilikwenda, alasiri moja, na sikwenda kutafuta radhi. Nilikwenda kugombana.

Alikuwa amedhoofika magoti, hatoki tena. Kandambili zake zilikuwa mlangoni, redio ikisikika kwa chini, na harufu ya udi. Mlango ni wa mbao nzito, wa zamani. Nikasimama pembeni, miguu yenyewe ilikwenda pembeni. Nikabisha hodi. Kimya. Nikabisha ya pili. Nikamsikia akikohoa. Nikabisha ya tatu. Kimya.

Alikuwepo. Nilimsikia. Na mwili wangu wote ukageuka kuondoka, kama ulivyogeuka kila Jumatano. Hapo ndipo nilipopandwa na kitu ambacho sijui kilitoka wapi. Nikarudi, nikasimama katikati ya mlango, nikagonga kwa ngumi.

"Nani huyo?" Sauti ilikuwa kali kama zamani. "Nani anayebisha mara ya nne?"

"Ni mimi, Mwanakombo."

"Pita."

Alikuwa kitandani, miguu imefunikwa kanga, tasbihi mkononi. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba bila kunitazama.

"Nilikuwa navuta uradi," alisema. "Ningemaliza ningekuita. Utovu huu wa adabu ndio uliokwenda kujifunza Huko?"

"Nimejifunza hapa, Mwalimu Mkuu. Sasa hivi. Huko nilibisha mara tatu."

Mkono wenye tasbihi ukasimama.

Basi nikamweleza. Sikumuuliza hali yake wala watu wake, nilianza na shida moja kwa moja. Nikamweleza sahani iliyorudishwa kabatini, jina lisiloitwa, visima vya Mkongani, na mlango. Nilipofika kwenye mlango sauti yangu ilikuwa juu kiasi kwamba kuku walihama dirishani. Nikamwambia adabu yake imenifanya nionekane mjinga na mvivu mbele ya watu ambao hawajui hata kwamba nilikuwa nawaheshimu. Sijawahi kusema na mkubwa namna ile, na sijui kama nitasema tena.

Alingoja nimalize. Halafu akasema, "Mimi pia."

"Wewe pia nini?"

"Huo mlango. Msimamizi wangu alikuwa mwanamke, mtu mzima. Nilibisha tatu, nikaenda zangu. Wiki nyingine tena. Mwisho wakasema sina nia ya kusoma, bora nirudi kwetu."

"Hukuwaambia?"

"Hawakuniuliza."

Nilitaka kupiga kelele. Miaka yote ile ya baridi kifuani, ya kuozwa, ya viazi vya kuchemsha, kumbe ni mlango. Na alikaa na mlango huo moyoni, akanikalisha mkekani, akanifundisha kubisha.

"Ulijua," nikasema. "Ulijua, na ukanituma hivyohivyo."

"Nilijua." Sasa alinitazama. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini Mwalimu Mkuu halii mbele ya mwanafunzi. "Ningewaambia nini wazazi wenu? Kwamba nawafundisha watoto wao kuvamia milango? Tena nilidhani dunia imebadilika. Wakati wangu walikuwa hawatujui. Lakini sasa wenyewe ndio wanakuja kila mwaka. Wamejaa Diani, wanalala kwetu, wanabishiwa hodi na kila mfanyakazi anayeleta taulo. Nikasema watakuwa wameshajifunza. Nikasema huyu wangu akibisha, safari hii watajua amebisha."

Nilikuja na hasira ya mtu mmoja, na sasa nilikuwa nazo mbili, yangu na yake, na ya kwake ilikuwa ya zamani zaidi.

"Unarudi lini?" akauliza.

"Sijui kama narudi. Nimekuja bila kujua."

Akajikongoja akakaa, akajiweka kanga sawa begani, akawa tena yule wa ofisini. "Toka nje," akasema.

Nikadhani ananifukuza, na nikaona ninastahili. Nikasimama.

"Toka, ufunge mlango, ubishe kama wanavyobisha Huko."

"Mwalimu Mkuu, Huko hawabishi. Wanagonga."

"Basi gonga. Na kitasa usikiguse, kimelegea."

Nikatoka. Nikafunga. Nikagonga mara moja, kwa vidole.

"Sisikii."

Nikagonga tena, kwa nguvu kidogo.

"Sisikii!"

Bi Saumu, jirani yake, akatokeza kwenye ua na kifumbu cha kuchujia nazi kinachotiririka tui. "Kuna nini? Mwalimu Mkuu kaanguka?"

"Hajaanguka."

"Sasa mbona wavunja mlango wa watu, mwanangu? Mama yako ajua?"

"Mwache agonge!" sauti ikatoka ndani.

Nikagonga. Nikagonga kwa ile sahani. Nikagonga kwa "na wewe pale". Nikagonga kwa mama zangu wa Mkongani na kisima chao. Nikagonga Jumatano zangu zote, na baada ya hapo nikagonga zake, za miaka ile ambayo mimi sikuwa nimezaliwa, mpaka vumbi la rangi likaniangukia kwenye mtandio na mkono ukafa ganzi. Bi Saumu akasoma astaghfirullah akarudi kwenye nazi yake. Nikaacha. Nilikuwa nalia, na sikujali anayeniona.

"Ya ngapi hiyo?" akauliza Mwalimu Mkuu.

"Sikuhesabu."

Nilisikia tasbihi ikiwekwa juu ya meza. Nikangoja aseme pita.

"Radhi unayo," akasema kutoka ndani. "Nenda. Lakini siku ukirudi hapa kwangu, ni tatu."